Nyeupe ya Mama

Jumatatu, 2 Machi

Imefika! Boksi tumelipandisha ngazi zote mimi na mdogo wangu, na aliyelalamika ni yeye. Inchi hamsini na tano, picha ya 4K, ile wanayosema unaweza kuhesabu nyusi za mtangazaji. Imesimama sebuleni mahali pa ile ya zamani yenye kisogo, ambayo Kocha ameihamishia chumbani kwake kwa heshima zote za marehemu. Kocha ndiye mdogo wangu. Hajawahi kufundisha timu yoyote. Hukaa kitini akawapigia kelele wachezaji, na wao hawamsikii.

Si yetu, lakini. Nimeazimwa na Bosi. Pale dukani nimesimama miaka tisa mbele ya ukuta wa televisheni nikiwaambia watu "picha yenyewe inaongea, mama," hata kwa zile nilizojua ni bubu. Wiki iliyopita Bosi akaniita ofisini. Kuna aina hii mpya ya bei ya kati, si ya matajiri wala si ya kubahatisha, naye anataka kuagiza kontena zima.

"Dukani kila televisheni ni nzuri," akasema. "Taa kali, video za maua na samaki. Nenda kaishi nayo msimu wote wa mvua. Mwisho wa Mei uniandikie ukweli: mtu wa kawaida, sebule ya kawaida, anunue au asinunue?"

Kisha akashusha sauti akanikumbusha kwamba sehemu ya televisheni haina msimamizi, na kwamba anayejua kuamua ndiye anayefaa kusimamia. Nilitoka mle ofisini miguu haigusi chini.

Nimeshajua nitakavyoamua: nitamtumia Mama. Mama yangu ni fundi cherehani wa miaka arobaini, na sebule yetu nusu ni karakana yake. Watu huvuka mitaa kuja kulinganishiwa uzi na kitambaa. Mafundi wengine hutoka na kitambaa nje kwenye jua. Yeye hukitazama hapo hapo, akaingiza mkono kwenye bati la nyuzi, na uzi anaotoa ndio wenyewe. Mama akisema nyeupe, ni nyeupe. Jicho lake likiipitisha, imepita. Bosi alikubali palepale. Suti yake ya harusi aliishona Mama.

Jumanne, 3 Machi

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kocha hajaenda kazini, anasema ana homa. Homa ina rimoti mkononi.

Alhamisi, 5 Machi

Leo Mama ameketi rasmi. Amefika akiwa na sindano kifuani, akavuta kiti, akakunja mikono kama hakimu. Nikamwekea ile filamu ya milima yenye theluji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona mara tatu na bado roho ilinienda mbio: kila chembe ya barafu inaonekana, na manyoya ya yule ndege unataka kuyashika.

Mama akatazama muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Ila nyeupe yake si nyeupe. Ni chai ya maziwa."

Nikahisi kama nimemwagiwa maji. Nikaandika: *Nyeupe ina umanjano. Chunguza.*

Jumapili, 8 Machi

Mpira. Kijani cha uwanja kizuri mpaka Kocha amekaa kimya dakika nzima, jambo ambalo halijatokea tangu abatizwe jina hilo. Tumeona kamba za viatu za golikipa. Tumeona jasho. Kocha anasema sasa anaweza kuwafundisha vizuri zaidi.

Nimegundua kitu kinachoitwa kulainisha mwendo. Kikiwashwa, mpira unateleza vizuri, lakini filamu nzima inaonekana kama igizo la shule. Nimekizima. Nimeandika kwa herufi kubwa: WAAMBIE WATEJA WAKIZIME. Hili peke yake linanistahilisha usimamizi!

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Dishi limekata saa nzima.

Jumapili, 15 Machi

Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Katikati ya kipindi cha pili Mama kauliza mbona timu zote mbili zimevaa jezi moja. Nyeupe na njano! Kocha akamwambia, "Mama, wewe rudi kwenye upindo wako, mpira una wenyewe." Mama akacheka pia, akarudi kwenye cherehani.

Ana kazi kubwa mwaka huu: magauni meupe thelathini na sita ya kwaya ya wauguzi. Watayavaa tarehe thelathini Mei hospitali itakapofungua wodi mpya, mbele ya mji mzima. Anayoyamaliza anayatia kwenye mfuko wa nailoni na kuyatundika ukutani. Anasema hii ndiyo kazi atakayokumbukwa nayo. Nadhani ana haki. Nikipita pale huwa napunguza hatua.

Alhamisi, 19 Machi

Lazima niandike kuhusu Fundi Pini kabla sijapasuka. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa rika la Mama, fundi pia, na huongea na pini mdomoni saa zote, kwa hiyo kila neno lake linatoka limebanwa. Tangu televisheni ije, kila jioni yupo. Hilo si neno, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini Mama akifungua mdomo tu kuhusu rangi, yeye anapinga.

Leo Mama kasema, "Shuka za hospitali hii kwenye filamu zimechakaa. Angalia zilivyo njano."

"Mbona mimi naziona nyeupe?" akasema Fundi Pini.

"Wewe unaona nini na wewe? Macho hayana pazia, mwenzangu. Ukishindwa kuona ni uvivu."

"Nyeupe pe," akasema Fundi Pini, akanitazama mimi, si Mama.

Kisha hutoka kila mara kwenda upande wa karakana "kuazima mkasi", na akirudi nyumbani ana mfuko kwapani. Ana mikasi minne, nimeiona kwa macho yangu. Naona anachungulia kazi ya Mama ili aibe wateja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 27 Machi

Nimechezea mipangilio wiki nzima. Kuna picha "angavu", "sinema", "michezo", na kuna joto la rangi: ukielekea upande wa joto picha inakuwa ya dhahabu, ukielekea baridi inakuwa ya buluu. Nimeisukuma upande wa baridi kidogo kidogo, nikimuuliza Mama kila mara. "Bado." "Bado." "Afadhali." "Bado." Leo nimefika mwisho kabisa, hakuna baridi zaidi ya hapo, ndipo Mama akasema, "Hapo angalau panavumilika."

Kocha kaingia akamwona msoma habari. "Dada, huyu kafa lini?"

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua inapiga bati mpaka televisheni haisikiki. Sauti yake ni nyembamba, hilo naliandika bila huruma. Mchana dirisha linajionyesha lote kwenye skrini. Nimehamisha meza kwenye ukuta wa pili na tatizo limekwisha. Kila kitu kingine kinanifurahisha. Nilikaa pembeni kabisa, karibu na mlango, na picha haikufifia sana. Niliweka chaneli ya zamani yenye picha mbovu, ikaisafisha ikawa ya kutazamika. Ningekuwa nachumbiwa nayo ningeshasema ndiyo.

Ila nyeupe. Bosi leo kanisimamisha ngazini: "Vipi, mama kaipitisha?" Nikasema bado. Uso wake ukabadilika. Anasema kama fundi yule hajaridhika, yeye haagizi hata moja.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeanza kuandika ripoti. Sentensi ya kwanza: "Rangi za televisheni hii si za kweli." Inaniuma kuiandika, kama kumsingizia mtu. Lakini jicho la Mama ni jicho la Mama.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Tulikuwa wote sebuleni: Mama, mimi, Kocha, na Fundi Pini na pini zake. Nimeweka tena theluji. Mama akasema chai ya maziwa. Fundi Pini akasema nyeupe. Nikachoka. Nikasema, "Basi leteni kipimo, tumalize."

Fundi Pini akainuka. Akarudi na kipande cha bafta, akakibana kwa pini kwenye ukingo wa pazia kando ya skrini. Mimi nilikijua kile kipande. Asubuhi nilikuwa naye kwenye duka la vitambaa, kilikatwa mbele yangu kutoka kwenye robota lililofunguliwa muda huohuo, cheupe mpaka nilikunja macho.

"Haya, mwenzangu," akasema. "Hiki na picha, kipi cheupe?"

Mama akasogea. Akakitazama kitambaa kwa karibu, akakigusa, akaguna.

"Sasa na wewe ndio umeleta nini? Hiki nacho cha zamani. Kimekaa kabatini mpaka kimeota umanjano."

Hakuna aliyecheka. Kocha alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nilikuwa natazama ile bafta ilivyowaka juani, na nikakumbuka jezi nyeupe na jezi njano zilizokuwa moja machoni pake, na shuka za hospitali, na baridi yote niliyomtia yule msoma habari wa watu. Televisheni haikuwa na kosa lolote. Mwezi na nusu nilidhani Mama anaipima televisheni, kumbe televisheni ndiyo iliyokuwa inampima Mama.

Fundi Pini akanishika mkono akanivuta mpaka kwake. Kitandani kwake palikuwa na gauni jeupe la kwaya. La Mama. Upindo wake umeshonwa kwa uzi wa rangi ya krimu, umejichora pale chini kama mstari wa kalamu.

"Hili la kumi na moja," akasema. Alikuwa ametoa pini mdomoni. Sikuwahi kusikia sauti yake nzima. "Anachanganya nyuzi, binti yangu. Nyeupe na krimu kwake ni moja. Nayachukua, nafumua, nashona upya, narudisha kwenye mfuko. Hajui."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Yeye? Angenifukuza. Wewe ulikuwa unamshangilia. Nikasema basi nimpinge kila siku mbele yenu, labda mmoja wenu atauliza mbona huyu mwanamke anapinga."

Nilitaka ardhi ipasuke. Huyu ndiye niliyemwandika hapa juu kuwa mwizi. Sifuti. Acha ibaki niisome kila siku.

Jumapili, 19 Aprili

Tumemwambia. Mimi ndiye niliyeanza, nikaharibu. Nilisema "Mama, labda macho..." akanikata.

"Macho haya yamekuvalisha wewe tangu unatambaa. Kwa kuwa mmeletewa kioo kinachomeremeta sasa mimi ndiye kipofu?"

Kocha akajaribu ucheshi, akafukuzwa sebuleni. Nikamwonyesha uzi wa krimu. Akasema ni mweupe, tena kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilijiona nimeshindwa. Ukimwonyesha mtu asiyeona, unamwonyesha nini?

Ndipo Fundi Pini akafungua mfuko mmoja wa nailoni ukutani, akatoa gauni, akamwekea Mama mapajani. Hakumwambia atazame. Alimwambia, "Shika upindo."

Mama akapitisha kidole gumba. Akasimama. Akarudi nyuma, akapitisha tena, taratibu. Mama hushona upindo mstari mmoja. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya mistari miwili.

"Huu mshono si wangu," akasema.

Akaligeuza gauni ndani nje, kidole bado juu ya upindo.

"Mistari miwili. Huu wako, Pini. Umebana kama maneno yako."

"Ni wangu."

"Umeingia kwenye kazi yangu."

"Nimeingia. Na nitaingia tena kesho kama huendi kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hutaki kuumbuliwa mbele ya wauguzi thelathini na sita."

Mama alikaa na lile gauni muda mrefu, kidole kikienda na kurudi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mwishowe akauliza jambo moja tu, na hakuniuliza mimi: "Mangapi?"

"Machache," akasema Fundi Pini.

"Kesho nitakwenda," akasema Mama.

Jumanne, 21 Aprili

Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa. Daktari anasema rangi huondoka polepole mno kiasi kwamba mwenyewe hajui zimekwenda. Mtu anaishi ndani ya umanjano akidhani ndio mchana. Lenzi ya zamani inatolewa, mpya inawekwa, hata nusu saa haifiki. Jicho moja kwanza.

Mama katika chumba cha kusubiri: "Mimi nilizaa wawili nikafunga. Huyu wa jicho katokea wapi?" Chumba kizima kikacheka. Nimejua atapona.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimechana ripoti ya kwanza.

Jumatano, 6 Mei

Mvua siku ya nne mfululizo. Fundi Pini amefunga fundo kwenye kila kibiringo cha uzi mweupe ili Mama aujue kwa kidole. Wanashona pamoja karakana moja, cherehani mbili, na kugombana kwao kunashinda mvua. Mkasi sasa anauazima Mama.

Jumanne, 12 Mei

Amefanyiwa. Amelala na kibandiko jichoni. Kabla hajaingia alinishika sikio kama zamani akasema, "Ile televisheni usiiguse. Iache nilivyoiacha."

Jumatano, 13 Mei

JAMANI! Jamani, jamani.

Kibandiko kimetolewa asubuhi. Njiani alikuwa anatazama tu: madimbwi, kuta, magari. Kwenye mlango wetu akasimama. "Huu mlango ni wa buluu?" Ni wa buluu miaka sita.

Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. "Washa."

Nikawasha. Msoma habari akatokea, akiwa bado kwenye baridi ya mwisho kabisa niliyomtia. Mama akaruka.

"Nani kampaka huyu mtoto wa watu buluu?"

"Wewe, Mama!" tukasema mimi na Kocha kwa pamoja.

Akacheka hadi daktari angemkataza. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaziba jicho jipya kwa kiganja, akatazama kwa la zamani. Akabadilisha. Akabadilisha tena. "Chai," akasema. "Maziwa." Kiganja kikahama. "Chai. Maziwa. Chai. Maziwa." Nikachukua rimoti nikarudisha joto la rangi hatua moja moja, na safari hii yeye ndiye aliyeniongoza kwa jicho la kulia, "rudi, rudi, kidogo, hapo," mpaka theluji ikawa theluji. Tuliishia kwenye kiwango kilekile ilichokuwa nacho siku ilipotoka kwenye boksi.

Jumatatu, 25 Mei

Magauni yamekwenda, yote thelathini na sita. Nimeandika ripoti upya, na hii hapa kwa ufupi: sauti yake ni nyembamba, nunua spika ukiweza, kizime kile cha kulainisha mwendo, usiiweke mkabala na dirisha, chaneli za zamani zinatazamika, kwenye mpira unaona jasho. Nimebakiza mstari mmoja mtupu, wa rangi. Huo ni wa Mama, na Mama anasema hajamaliza kutazama.

Jumamosi, 30 Mei

Jua limewaka siku nzima. Nadhani mvua imekwisha.

Kwaya imeimba mbele ya wodi mpya na mji mzima ulikuwepo. Kocha alirekodi kwa simu, kwa picha ileile ya 4K, akitembea taratibu mbele ya mstari wa waimbaji, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Jioni tumeiunganisha simu na televisheni, tukaketi: Mama kitini kwake, Fundi Pini pembeni na pini zake, mimi sakafuni na ripoti mapajani.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo kwenye kioo chochote, na nimetazama vioo miaka tisa. Kila kunjo la kitambaa. Jua likitembea juu ya mabega. Mama aliacha video iishe, kisha akainuka.

"Irudishe mwanzo. Uwe unaisimamisha nikikwambia."

Akasogea mpaka pua ikakaribia skrini, akainama usawa wa pindo za magauni. Nikaelewa anachotafuta. Kwenye televisheni ya zamani usingeona hata kama pana upindo.

"Simamisha. Huyu." Mistari miwili. "Endelea. Simamisha. Na huyu." Akaenda hivyo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, akigusa kioo kwa kidole, na kila alipogusa nilihesabu kimoyomoyo. Fundi Pini alikuwa ameganda kitini.

"Kumi na moja," akasema Mama. Akageuka. "Uliniambia machache."

Fundi Pini akainamia mapaja yake.

"Kumi na moja, Pini. Kufumua na kushona. Na kazi yako mwenyewe uliifanya saa ngapi?"

Fundi Pini akaanza kutoa pini mdomoni. Akazitoa zote, moja moja, akazipanga mezani. Mama akaenda akaketi ubavuni mwake, kwenye kiti kimoja, wakabanana. Wakatazama pamoja lile gauni la mwisho lililosimama kwenye kioo.

Nikashika kalamu. "Mama, rangi niandike nini?"

Aliziba jicho la kushoto, ambalo zamu yake ni mwezi ujao, akatazama kwa la kulia.

"Andika nyeupe," akasema.